Sahani Nyuma ya Mlango

Walipogawa vitu vya baba nilikaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango, mahali ninapokaa siku zote. Watu walikuwa wameshanyoa, msiba umekwisha, kilichobaki ni kugawana. Mdogo wangu, aliyezaliwa na mke wa pili wa baba, alipewa baiskeli. Benchi la ufundi na bisibisi zake zikaenda kwa baba mdogo wa Lalago, ambaye hajawahi kufungua hata redio. Ilipofika zamu yangu nikasema nataka ile sahani iliyoko nyuma ya mlango.

"Sahani gani?" akauliza mdogo wangu. Akausukuma mlango, akaiona kwenye msumari wake. "Hii? Dada, hiki si kifuniko tu? Tena kina tundu katikati."

"Hicho hicho."

Akanipa. Wengine wakacheka kidogo, cheko la watu waliochoka kulia. Mimi sikuwa nimelia, na hakuna aliyeshangaa. Walishaniona hivyo zamani, mama alipofariki, nikiwa kidato cha pili. Nikaifunga sahani kwenye kanga. Inaenea kiganjani, ni nyepesi, na ukiielekeza kwenye mwanga bado inang'aa, ingawa ina mikwaruzo ya duara kama mtu aliizungusha juu ya msumari.

Wakati ule tulikaa Bariadi, nyumba ya kupanga, upande wa kinu cha pamba. Mama alianza na kikohozi cha kawaida. Baba alisema tusubiri dawa zifanye kazi. Baadaye akasema tusubiri lori lirudi, litupeleke Mwanza. Lori liliporudi mama alikuwa ameshazikwa. Nakumbuka watu wengi uani, nakumbuka moshi wa masufuria, nakumbuka wanawake wakinishika mabega na kuniambia nilie tu, mwanangu, lia. Nilijaribu. Ilikuwa kama kusukuma mlango ambao umefungwa kwa ndani. Vitu vyake vilipogawiwa, mama mdogo alichukua kioo, kile cha fremu nyekundu, na baada ya hapo nyumba yetu haikuwa na kioo tena. Nilikuwa na tabia ya kuandika shajara. Wiki zile niliandika tulichokula. Leo ugali na mlenda. Leo michembe, viazi vya kukausha. Basi.

Kitu kimoja sikukiandika. Kila asubuhi, nikifumbua macho, kulikuwa na muda mfupi ambao sikuwa najua. Nilisikia kuku, nikaona mwanga chini ya mlango, nikasubiri kusikia mama akikoroga uji. Halafu ndipo nikajua. Na hata nikishajua sikuhisi kitu, nilikaa tu kitandani mpaka miguu ipate baridi. Kesho yake ikawa vilevile, kama mtu aliyeambiwa habari jana na leo anaambiwa upya.

Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile biashara ya pamba ilipoachwa huru. Kabla ya hapo baba alikuwa mtu wa redio koli kwenye ushirika. Alikaa chumba kidogo chenye antena ndefu, akizungumza na vituo vya kununulia pamba, "Migato, Migato, unanipata?" Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, ushirika ukapunguza watu, chumba cha redio kikawa stoo ya magunia. Baba akaweka benchi mbele ya nyumba, akawa fundi redio. Siku nyingine alipata kazi, siku nyingine alisafisha tu bisibisi.

Shangazi Kabula, dada yake, alikuja kwa msiba na hakuficha alichofikiria. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Kaka, binti hawezi kulelewa na benchi," alisema siku ya kuondoka, mimi nikiwa papo hapo. "Pamba ikianza kununuliwa na wewe bado huna kazi ya kueleweka, nakuja kumchukua. Migato kuna chakula, kuna wenzake."

"Na shule?" akauliza baba.

"Shule anakwenda akiwa na roho. Huyu roho yake iko wapi? Mtazame. Ng'wana wane, mwanangu," akanigeukia, "unataka kukaa hapa au twende kwetu?"

Sikujibu. Nilijua kwamba Migato hakukuwa na sekondari, na kwamba nikienda nitashika jembe na mwisho nitaolewa. Nilijua pia kwamba nikibaki nitaendelea kulala kwenye chumba kile, karibu na jiko la mama. Nilijua yote mawili na sikuweza kutoa sauti. Shangazi akasema, "Unaona?"

Wiki chache baadaye mhasibu wa kampuni moja iliyokuwa ikinunua pamba alisimama mbele ya benchi letu. Alikuwa kijana wa Bukoba, mwembamba, anayefunga tai hata jua likiwa kali.

"Mzee Masanja, nasikia redio zote za Bariadi zimepita mikononi mwako."

"Zile mbovu," baba akasema.

"Na kompyuta je?"

"Kompyuta sijawahi kuifungua."

"Yetu, ile hadi diski inayotunza hesabu imekufa. Kuna ofisi Mwanza imefunga biashara, tumechukua ya kwao, ya zamani kidogo lakini nzima. Fundi wa Mwanza hana nafasi sasa hivi, na sisi msimu huo unaingia. Ukiifunga ikakubali, nakuandika fundi wa kampuni. Si kibarua, mzee. Fundi."

Baba alifuta mikono kwenye suruali, taratibu. "Ina kitabu?"

"Kipo. Cha Kiingereza."

Kiingereza cha baba kilikuwa cha redio koli, kiliishia kwenye roja na ova. Akanitazama mimi.

Hadi diski ilikuja na lori la kampuni, baada ya kuingojea siku kadhaa. Dereva alikuwa amesimama Nyashimo kununua samaki, kwa hiyo kiroba chote kilinuka sato. Ndani yake diski ilikuwa imefungwa kwenye pamba, pamba ambayo haijachambuliwa, na mbegu zake. Hakuna aliyeona ajabu. Huku kwetu ukitaka kitu kisivunjike, iwe chupa, iwe saa ya ukutani, unakizungushia pamba. Baba alikaa muda mrefu akitoa nyuzi kwenye pini kwa sindano ya kushonea. Ilikuwa kitu kizito, cha chuma, kikubwa kidogo kuliko kiberiti cha familia, na karatasi ya namba imebandikwa juu.

Tuliifunga siku ya Jumamosi, ofisini kwa mhasibu, dirisha limezibwa kwa kanga kuzuia vumbi. Baba alifungua kasha la kompyuta, akainama juu yake kwa heshima, kama mtu anayechungulia kisima.

"Soma," akaniambia. "Polepole, kama unanipigia kituo."

Nikasoma kwa Kiingereza, kisha nikasema kwa Kiswahili nilichoelewa. Waya bapa wa kijivu una mstari mwekundu upande mmoja, upande huo ukae kwenye pini ya kwanza. Waya wa umeme una pembe mbili zilizokatwa, ukiugeuza hauingii. Kuna kipande kidogo cha plastiki kinachobana pini mbili, ukikiweka hapa kinaiambia mashine kuwa diski ni mbili, ukikiweka pale kinaiambia kuwa ni moja.

"Yaani iko peke yake," baba akasema.

"Ndiyo."

Akakiweka pale.

Jenereta la kinu likawashwa. Mhasibu akaketi juu ya gunia, akalegeza tai. Skrini ikatoa maandishi meupe, ikasema haina diski. Kitabu kilieleza kwamba mashine za aina ile hazijui zenyewe kilichomo tumboni mwao, lazima uziambie. Uingie ukurasa wa mipangilio, uandike namba zilizoko kwenye ile karatasi. Silinda ngapi, vichwa vingapi, sekta ngapi. Nilimsomea, baba akaandika kwa kidole kimoja. Ikakataa.

"Fundi wa televisheni isiyo na picha," mhasibu akasema, akicheka.

"Bwana mhasibu, hata mtoto hazaliwi ukimsimamia," baba akamjibu, bila kugeuka. "Minza, soma tena."

Nilikuwa nimesoma sekta mahali pa vichwa. Tukarudia. Silinda mia tisa sabini na saba, vichwa vitano, sekta kumi na saba. Safari hii kitu ndani ya kasha kilianza kuvuma, kikapanda sauti kama mbu anayekaribia sikio, kikagonga kidogo, kikatulia. Mhasibu akasimama. Baba hakutabasamu. Alisema tu, "Inaendelea vipi?"

Nikafungua ukurasa mwingine. Kilichofuata ni kuiandaa, na kitabu kilionya kwamba yote yaliyokuwemo yatafutika.

"Yote?"

"Yote. Ya watu wa Mwanza."

"Haya," baba akasema, akabonyeza.

Jumatatu alivaa shati lake la kazini, lile la ushirika, nembo yake ameibandua. Lakini alipofika, mhasibu alikuwa mlangoni ameshika kiuno. Kompyuta ilikuwa imesahau. Skrini ilisema haina diski, kama vile Jumamosi haikutokea. Ikabidi niitwe nipekue kitabu, nikakuta kwamba kuna betri ndogo ndani inayoshika zile namba umeme ukizimwa, na ya kwetu ilikuwa imekufa. Ilikuwa imechomelewa kwenye bodi, na ya kubadilisha haikupatikana, si Bariadi si Mwanza.

"Basi, mzee," mhasibu akasema, "kazi yako ya kwanza kila siku ni kuja kuikumbusha."

Ndivyo ilivyokuwa msimu mzima. Shule yetu ilikuwa barabara ileile, kwa hiyo nilipita naye. Alikaa mbele ya skrini, akasema namba kwa sauti huku akiziandika, mia tisa sabini na saba, vitano, kumi na saba, na ile sauti ya mbu ikapanda. Hakuwahi kuikasirikia. Nilisimama pembeni na daftari zangu, nikafikiri, na hili nililiandika kwenye shajara chini ya ugali na dagaa: inaamka kama mimi. Inaamka haijui. Ila yenyewe ina mtu wa kuiambia.

Mbele ya nyumba yetu watu walianza kumwita fundi kompyuta. Shangazi alituma salamu kwamba amesikia, na kwamba anasubiri kuona.

Pamba ikawa nyingi. Magunia yalipangwa mpaka kwenye veranda ya ofisi, nyuzi zikaelea hewani, zikakaa kwenye nyusi za watu. Na diski ikaanza kutoa sauti nyingine. Ilivuma, ikakwama, ikavuma tena, kwa ndani kukiwa na mkoromo mdogo. Mhasibu alisema hiyo bado si shida, ameshampelekea habari fundi wa Mwanza, tusubiri. Asubuhi ile baba hakuondoka baada ya kuandika namba. Aliweka sikio lake juu ya kasha, mkono kifuani.

"Inapumua vibaya," akaniambia.

Jumamosi mhasibu alikwenda kwenye kituo cha Migato kuangalia mizani. Baba akaitoa diski, akaiweka juu ya meza. Skrubu zake zilikuwa na mdomo wa nyota, hazikukubali bisibisi yoyote, naye alikuwa ameshanoa spoku ya baiskeli ikapata umbo hilo. Alifungua moja moja, akazipanga juu ya sosa. Kifuniko kilipotoka wote wawili tulisogeza vichwa karibu.

"Kumbe ni santuri," akasema.

Ndani kulikuwa na sahani zimepandana, na mkono mwembamba juu yake, kama wa gramafoni. Kila mtu mwenye redio ya kaseti anajua dawa ya sauti mbaya. Unachukua pamba, unaichovya kwenye spiriti, unafuta kichwa kinachosoma kanda, sauti inarudi. Baba alikuwa ameponya redio za mji mzima kwa njia hiyo. Akachomoa pamba kwenye gunia la karibu, akatoa mbegu, akatafuta ile nyeupe kabisa. Mimi nilishika chupa ya spiriti. Akafuta taratibu, duara kwa duara, kama anavyonawishwa mtu.

Sahani ya juu ilitakata kuliko kioo chochote nilichowahi kukiona. Niliinama nikajiona. Sikuwa nimeuona uso wangu tangu kile kioo chekundu kiondoke. Watu walizoea kusema nimefanana na mama, na mimi sikuwahi kukubali. Pale nilikubali. Baba alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, naye akatazama palepale nilipotazama, na mkono wake wenye pamba ukasimama. Sijui ulisimama kwa muda gani. Kisha akaendelea kufuta.

Aliporudisha kila kitu na kuwasha, diski ilipanda sauti vizuri kabisa, mbu yuleyule. Halafu ikalia kama msumari unaovutwa juu ya bati, ikanyamaza. Baba akaandika namba. Akaandika tena. Alikuwa bado anaandika jenereta lilipozimwa.

Hakuficha. Mhasibu aliporudi, na vumbi la Migato bado kwenye viatu, baba alikuwa anamsubiri mlangoni na akamwambia mwenyewe. Mhasibu aliketi juu ya gunia. Karibu hesabu zote za msimu zilikuwa pia kwenye flopi, kasoro za siku za mwisho, lakini mashine yenyewe ilikuwa imebaki kasha tupu.

"Mzee, kitu hiki hakifunguliwi. Vumbi moja tu likiingia, kwisha. Wewe umekifuta na pamba."

"Nimekifuta."

"Nilisema fundi anakuja. Kwa nini hukusubiri?"

"Nimeshasubiri mara moja," baba akasema.

Mhasibu alitikisa kichwa, hakuelewa. Mimi nilidhani nimeelewa. Nilidhani anasema lile lori lililochelewa na samaki wa Nyashimo, siku zile tulipokaa tukiingojea diski ije. Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba yangu alikuwa mtu asiye na subira, na kwamba hilo ndilo lililomponza. Mpaka nikapata watoto wangu. Jioni moja mdogo wao alikuwa anakohoa, nimembeba, na mume wangu akasema tusubiri kidogo tuone. Nilikuwa nimeshafika barabarani na mtoto mgongoni ndipo lile neno la baba likanifikia. Nilisimama katikati ya barabara. Halafu nikaendelea kutembea, maana mtoto alikuwa anakohoa.

Kampuni ilimwacha. Mhasibu hakumtukana, alimpa mkono, akamwambia, "Chukua na mzoga wako." Baba aliibeba diski nyumbani chini ya kwapa.

Shangazi Kabula alifika kabla wiki haijaisha. Alikuja na begi tupu, la kuwekea nguo zangu. Baba alikuwa benchini, ameifungua tena ile diski, anatoa sahani moja baada ya nyingine, hana kazi nyingine ya kufanya.

"Mwadila, kaka," akamsalimu.

"Mwadila."

"Kidude chenyewe ndicho hicho? Kidogo hivyo ndicho kimekushinda?"

"Ndicho."

"Nilisema na hukunisikia. Sikulaumu. Minza, lete nguo zako."

Baba hakuinua kichwa. "Nenda naye," akasema. "Mimi sina cha kumwambia mtu sasa." Akaifuta sahani kwenye suruali, akaninyooshea bila kunitazama. "Chukua. Nyumba haina kioo."

Niliipokea. Nilijiona humo, na nyuma yangu ule mlango ulio wazi, jiko la mama, sufuria limefunikwa. Shangazi alikuwa anafungua zipu ya begi. Nikasikia mtu anasema, "Siendi."

Shangazi akageuka. "Nani kasema?"

"Mimi. Siendi, shangazi. Naomba nibaki."

Sauti ilitoka kavu, kama ya mtu anayeamka. Shangazi alinitazama muda mrefu, kisha akamtazama baba, na nilimwona akijaribu kukasirika na kushindwa. Alivuta stuli, akaketi, ikalia chini yake.

"Tangu msiba sijamsikia huyu akitamka neno," akamwambia baba.

"Amesema," baba akajibu.

"Nimesikia kuwa amesema, mimi si kiziwi." Akafunga zipu. Aliondoka asubuhi iliyofuata, begi lake likiwa tupu vilevile, na michembe aliyokuja nayo akatuachia yote.

Tuliishi kwa redio. Haikuwa rahisi na sitasema ilikuwa. Lakini nilimaliza kidato cha nne palepale, na sahani ilitundikwa nyuma ya mlango, tukajitazama humo wote wawili, yeye akinyoa ndevu, mimi nikisuka. Baada ya shangazi kuondoka, siku moja, sijui ya ngapi, nilifumbua macho nikiwa najua tayari. Hakukuwa na ule muda mfupi. Kuku, mwanga chini ya mlango, mama amekufa, vyote kwa pamoja. Ndipo nililia. Baba alikuja akasimama mlangoni, hakuniuliza kitu, akaenda kukoroga uji mwenyewe, ukawa na madonge.

Sasa na yeye hayupo. Asubuhi hizi naamka sijui. Nasikia pikipiki barabarani, nafikiri leo nimpigie, nimuulize kama amekula. Nimeitundika sahani kwenye ukuta unaotazama kitanda. Naiona. Nasema namba zake, mia tisa sabini na saba, vitano, kumi na saba, kwa sauti ndogo ili mume wangu asiamke. Kisha nashuka nikawashe jiko.